Sitara Isiyozuia Upepo

Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam mwezi wa Februari, saa nane mchana, iwe Tabata, Mbagala au Kimara, uangalie madirisha. Mengi utayakuta yamefungwa. Kioo cha tinti kimesukumwa hadi mwisho wa reli yake, nyuma ya kioo kuna shela, na nyuma ya shela kuna pazia zito lililovutwa pande zote mbili mpaka likakutana katikati. Ndani taa inawaka mchana kweupe, feni inazungusha hewa ileile iliyokwisha kuchoka, na watoto wamelala juu ya vigae bila shuka wakitafuta ubaridi wa sakafu. Nje ya ukuta huohuo kaskazi inavuma, inapita juu ya mabati na kwenda zake.

Waliomo ndani wanajua fika kwamba wanaungua. Wamefunga kwa sababu dirisha lao liko hatua mbili kutoka kwenye kichochoro, na kichochoro hakikosi watu: muuza samaki, fundi bomba, vijana wa bodaboda, jirani anayekwenda kuchota maji. Binti ametoka kuoga. Baba amerudi kutoka zamu ya usiku na anataka kulala. Bibi anaswali. Kila mmoja wao ana haki ya kutotazamwa akiwa nyumbani kwake, na dirisha walilowekewa linawapa njia mbili tu: waonekane wapate hewa, au wajifiche waive.

Nasema hakuna sababu ya kuwalazimisha kuchagua. Pwani hii ilikwisha kuwa na kifuniko cha dirisha kilichotoa sitara, hewa na pambo kwa wakati mmoja. Tumekiacha bila kukitafutia mrithi, na gharama ya kukiacha tunailipa kila siku kwa jasho, kwa usingizi mbovu na kwa uniti za umeme wa LUKU. Tukirudishe, na tukirudishe kikiwa bora kuliko kilivyokuwa.

Nenda Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wageni hupiga picha milango yake, na milango hiyo inastahili, lakini ningewaomba wainue macho. Juu ya vichochoro ambavyo watu wawili hupishana bega kwa bega kuna madirisha marefu, yana nondo za chuma zilizosimama wima, na yamefunikwa kwa mbao zinazofunguka kwa bawaba. Mbao hizo si bapa tupu. Ni fremu iliyojazwa vipapi vyembamba vilivyolazwa mshazari, kimoja juu ya kingine, ukingo wa nje wa kila kipapi ukiwa chini na wa ndani ukiwa juu. Mara nyingi fremu imegawanywa sehemu ya juu na sehemu ya chini, ili moja ibaki imefungwa huku nyingine iko wazi. Nyumba ya mkabala iko karibu kiasi kwamba watu wanaweza kuzungumza dirisha kwa dirisha bila kupaza sauti, na bado mwenye chumba hukaa kitandani kwake upepo ukampata na jicho la jirani lisimpate.

Utaratibu wake nataka kuueleza polepole, maana ndio hasa tulioupoteza. Jicho husafiri kwa mstari ulionyooka. Upepo haulazimiki kufanya hivyo. Hujipinda, hupanda, hupenya. Vipapi vikipandana kidogo, mstari wa jicho la mtu aliyesimama usawa wa dirisha hukatika, lakini hewa hupanda ule mwinuko na kuingia. Jua letu, ambalo saa za katikati ya mchana huwa karibu na utosi, huangukia mgongo wa kipapi na kuishia hapo. Mvua huteleza ikarudi nje. Kinachofika chumbani ni mwanga uliogonga ardhi kwanza kisha ukapanda, mwanga laini unaotua kwenye dari na kusambaa hadi pembeni, wa kumtosha mtu kusoma bila kuwasha taa. Na vipapi vikiwa vya kugeuka, vimeunganishwa kwa ufito mmoja wima ambao ukiuinua vyote vinalala na ukiushusha vyote vinafunga, mwenye chumba anapanga mwenyewe: adhuhuri anavifunga karibu kabisa, alasiri anavilegeza, usiku taa ikishazimwa anavilaza ili upepo upite usawa wa kitanda. Wala si ufundi wa jana. Huko New Orleans, Marekani, John Hampson alisajili hataza mwaka 1841 ya namna ya kuvifanya vipapi vya dirisha vibaki katika mlalo wowote mtu autakao.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kifuniko hicho kiko nje. Hapa ndipo pazia linaposhindwa, hata liwe zuri na ghali kiasi gani. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo bila taabu, ukapiga pazia, pazia likapata joto. Lakini joto linalotoka kwenye kitu kilichopashwa halipiti kwenye kioo kwa urahisi uleule ambao mwanga uliingia nao. Limekwisha kuwa mfungwa wa chumba chako. Ndiyo maana gari lililoachwa juani vioo vimepandishwa huwa tanuri. Anayetundika pazia zito nyuma ya kioo anazuia mwanga tu, joto analo ndani tayari. Kipapi cha mbao kilichoko nje nacho hupata moto, lakini moto huo unapeperushwa na upepo wa nje kabla haujageuka kuwa tatizo la mtu. Kanuni hii ingetakiwa kubandikwa kwenye ukuta wa kila karakana ya madirisha nchini: jua lizuiwe kabla ya kioo.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni lina dosari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Lina vioo viwili, kimoja kikisukumwa kinakwenda kusimama nyuma ya mwenzake. Kwa hiyo dirisha la mita moja na nusu, ambalo umelilipia mita moja na nusu, linafunguka sentimita 75 peke yake. Nusu ya shimo ulilolitoboa ukutani ni ukuta wa kioo daima. Ongeza wavu wa mbu, ambao hupunguza kasi ya upepo, kisha ongeza pazia, na utaelewa kwa nini chumba chenye dirisha kubwa kwa macho kinapumua kama chenye tundu. Dirisha la zamani la bawaba lilifunguka lote. Hata yale madirisha ya luva za vioo, vile vipande vyembamba vilivyolala kwa mkono wa chuma pembeni, ambayo miaka iliyopita yalijaa kwenye shule, ofisi za serikali na nyumba za watumishi, yalifunguka karibu lote. Tuliyaacha kwa sababu mwizi alichomoa vioo kirahisi na vumbi likaingia hata yakiwa yamefungwa. Sababu zote mbili ni za kweli. Lakini tulitupa na upepo wake.

Tinti nayo inahitaji kuzungumzwa kwa uwazi, maana watu wananunua sitara ambayo saa sita za kwanza za usiku haipo. Kanuni ya kuonekana ni moja: aliye gizani humwona aliye kwenye mwanga. Mchana nje kuna mwanga kuliko ndani, hivyo shela nyepesi au kioo kinachong'aa humficha mwenye nyumba vizuri. Jua likizama na taa ikawashwa, mambo yanageuka. Sasa aliyeko ndani ndiye aliye kwenye mwanga. Akitazama kioo anaona sura yake mwenyewe na kudhani yuko salama, ilhali aliyesimama kichochoroni anamwona kila anapogeuka. Familia ngapi zinakaa sebuleni usiku zikiamini kioo kinawasitiri? Ukitaka kuhakikisha, washa taa, vuta shela, kisha mwombe mwenzio akae ndani wewe utoke nje utazame. Vipapi haviathiriwi na mgeuko huo wa mwanga. Kilichoziba mstari wa jicho mchana kinauziba na usiku.

Wazee wetu wa Kariakoo, Ilala na Magomeni, waliokuwa katika nyumba za Kiswahili zenye ushoroba katikati na vyumba pande mbili, hawakuwa wote na uwezo wa kutengenezewa vipapi. Walikuwa na jibu la bei nafuu ambalo naliheshimu sana: pazia nusu. Waya au fimbo ilifungwa katikati ya dirisha, si juu yake, na kitambaa chepesi kikaning'inia kuanzia hapo kwenda chini. Mpita njia, ambaye jicho lake liko chini ya ile fimbo, hakuona kitu. Sehemu ya juu ilibaki wazi mchana na usiku, na kwa kuwa hewa ya moto hupanda, ilipata pa kutokea huku hewa ya nje ikipenya chini kwenye kitambaa. Vitendo viwili vya hewa kwa mita mbili za kitambaa! Leo mapazia yetu yanaanzia kwenye dari na kufika sakafuni kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye tamthilia za televisheni, na tukiyafunga tunafunga yote kwa pamoja, sehemu inayohitaji kufungwa na sehemu isiyo na mtu wa kuitazama.

Hewa, hata hivyo, haiingii chumbani kama haina pa kutokea. Hili watu wengi wanalisahau na kisha wanalilaumu dirisha. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa ni chupa. Katika nyumba za zamani zisizo na dari ukuta wa chumba haukufika kwenye bati, na upepo ulivuka juu kutoka chumba hadi chumba. Sauti nazo zilivuka, na hilo lilikuwa tatizo la sitara ya masikio. Tumeweka dari, sauti zimepungua, lakini hatukuacha njia yoyote badala yake. Tundu lenye vipapi juu ya mlango wa chumba, au mlango wenyewe ukiwa na vipapi sehemu ya chini, ungeurudisha mkondo huo bila mtu wa ushorobani kuona ndani. Kazi hiyo seremala wa kawaida anaifanya kwa siku chache. Tofali za maua, zile zenye matundu ya nakshi, zikipangwa juu kwenye ukuta wa mkabala na dirisha, zinafanya vilevile na hazihitaji matunzo yoyote.

Si kila mahali pwani palichagua vipapi. Lamu, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ilijenga nyumba za mawe zenye madirisha machache sana ya kutazama njia. Mgeni aliishia kwenye daka la mlangoni. Hewa na mwanga vilishuka kutoka kiwandani, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Ni sitara kamili, ila inadai kiwanja na kuta nene na mpango wa nyumba nzima, ambavyo mpangaji wa vyumba viwili Manzese hana. Kwa upande mwingine, ndugu zetu wa ng'ambo ya bahari waliifikisha sanaa ya kifuniko cha dirisha mbali zaidi. Jeddah ya kale ina madirisha makubwa ya mbao yaliyotokeza nje ya ukuta, yaliyojaa nakshi na vipapi. Cairo ina mashrabiya za vijiti vilivyochongwa kwa mashine ya kuzungusha na kuunganishwa kama wavu. Msanifu wa Misri Hassan Fathy, aliyefariki mwaka 1989, alieleza kwamba mashrabiya moja hufanya kazi nyingi kwa pamoja: hupunguza mwanga, huongoza hewa, hupoza, hurekebisha unyevu na humsitiri mtu.

Na wala si habari ya makumbusho. Mwaka 2012 Abu Dhabi ilikamilisha minara miwili ya Al Bahar, ambayo nje ya vioo vyake imevishwa vifuniko vya pembetatu vinavyofunguka na kufungwa kulifuata jua, kwa wazo lilelile la mashrabiya. Mji wenye uwezo wa kuendesha kiyoyozi usiku na mchana umeona ni busara kulizuia jua nje ya kioo. Sisi ambao wengi wetu tunahesabu uniti za umeme kabla ya kuwasha feni tumeona ni maendeleo kuliingiza ndani.

Najua swali la kwanza la mama yeyote mwenye watoto: mbu je? Ni swali la haki, na mtu anayependekeza kufungua madirisha Tanzania bila kulijibu hastahili kusikilizwa. Jibu langu ni kwamba mbu anazuiwa kwa wavu, hazuiwi kwa joto. Chumba kilichofungwa kioo na pazia kina mbu vilevile, kwa kuwa wameingia jioni mlango ulipokuwa wazi, au kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, watafiti na wasanifu walijenga nyumba za mfano zenye kuta nyepesi za kupitisha hewa, zilizovikwa mianzi, mbao au nyavu za kivuli, baadhi zikiwa za ghorofa, na matundu yake yakazibwa kwa wavu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha ndani kulikuwa na ubaridi kuliko nyumba za kawaida, na mbu walipungua, hasa katika zile za ghorofa. Kumbe hewa nyingi na mbu wachache vinaweza kukaa nyumba moja. Isitoshe, mtu anayeungua usiku hukitupa chandarua. Anayepata upepo hukivumilia.

Kwa hiyo dirisha ninalolitaka lina tabaka tatu. Nje kabisa kuna fremu za vipapi zinazofunguka kwa bawaba, zimegawanyika juu na chini. Katikati kuna nondo, kama zilivyokuwa Unguja, zikiwa na nafasi ya kupitisha mkono ili mtu afikie komeo na ule ufito wa kugeuzia vipapi. Ndani kuna wavu wa mbu kwenye fremu yake yenye bawaba, unaofunguka uoshwe, wala haukupigiliwa misumari mpaka ujae vumbi na kugeuka kuwa kitambaa. Kioo kikihitajika, kwa wenye kiyoyozi au wanaokaa kando ya barabara ya vumbi, kiwe cha bawaba na kifunguke chote. Na kwa kuwa wavu unaiba sehemu ya upepo, dirisha liwe kubwa zaidi ya tulivyozoea.

Gharama? Mninga na mkongo vimepanda bei, na miti hiyo siwezi kumshauri mtu aikate kwa ajili ya vipapi. Lakini kipapi cha upana wa sentimita tano na unene wa sentimita moja hakihitaji gogo kubwa. Mtiki unaopandwa Longuza wilayani Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero hupunguzwa miti ikiwa bado myembamba ili mingine inenepe, na mbao nyembamba za aina hiyo ndizo hasa zinazofaa kazi hii. Mtiki unahimili mvua na mchwa kuliko misonobari isiyotiwa dawa. Asiyetaka mbao anaweza kutumia luva za aluminiamu. Mafundi wetu wa aluminiamu wanazifahamu vizuri, wanazifunga kila siku kwenye vyumba vya jenereta. Jambo hilo linaniuma nikilifikiria. Jenereta tumeipa kivuli na hewa kwa kuwa tunajua itaungua, na ujuzi huohuo, wa fundi huyohuyo, haujafika kwenye chumba cha mtoto.

Mwelekeo wa nyumba unaweza kupunguza gharama hiyo, na hapa msanifu ana wajibu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Madirisha yanayotazama kaskazini na kusini hukabiliwa na jua lililo juu, ambalo ukingo wa paa ukitokeza vya kutosha hulimaliza. Adui yuko mashariki asubuhi na magharibi alasiri, jua linapoinama na kupita chini ya paa lolote. Mwenye fedha kidogo aanze na madirisha ya magharibi, kwa sababu hayo ndiyo yanayopakia joto ukutani saa chache kabla watu hawajalala. Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilizungushiwa roshani pana kila ghorofa ili kuta na madirisha vikae kivulini kutwa. Mbele ya jumba lililoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan pale Mizingani, lililokuja kuwa zahanati, roshani ya mbao zilizochongwa inafanya kazi ileile, na ni moja ya sura zinazopendwa zaidi katika mji ule.

Hapo ndipo panaponileta kwenye pambo, na sitaki lionekane kuwa jambo la mwisho kwa uzito. Mtu hapendi kuishi ndani ya mashine ya kupoza. Anataka nyumba imfurahishe. Sababu mojawapo ya pazia zito kushinda ni kwamba lilikuja likiwa zuri, lina mikunjo, lina pindo la dhahabu, linaonyesha kwamba mwenye nyumba amejitahidi. Vipapi vya kwetu vya siku za karibuni vilipokuja, vilikuja vya ofisi, vile vitambaa vilivyosimama wima vya rangi ya vumbi vinavyogongana feni ikiwashwa. Nani angevichagua? Lakini vipapi vya mbao vina uzuri ambao kitambaa hakiwezi kuufikia, na uzuri huo unatoka kwenye kazi yake. Jua la asubuhi likipita katikati yake huchora mistari sakafuni, na mistari hiyo hutembea kadiri saa zinavyokwenda. Kwa nje, ukuta mweupe wa chokaa wenye fremu za kijani kibichi au za bluu ya bahari ni sura ya mji inayomfanya mtu asimame. Mafundi wa nakshi wa Unguja na Lamu wapo, wanachonga milango ya hoteli. Ukanda mmoja wa ua la nakshi juu ya fremu ya vipapi hauongezi gharama kubwa na unaifanya nyumba iwe na jina.

Na kwa ndani tuna vitu vyetu ambavyo havijatumika ipasavyo madirishani. Mkeka wa ukindu, kwa mfano, uliosukwa kwa ukili wa rangi mbili, unaweza kushonewa ubao mwembamba juu na chini ukawa kifuniko cha kukunja, unaukunja kutoka chini kwenda juu na kuufunga kwa utepe. Unapitisha hewa kidogo katikati ya msuko wake, hauvuti vumbi kama velveti, na wasukaji wa Pemba na Mafia wangepata soko ambalo halitegemei mtalii. Kanga nyepesi, ile iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ikalainika, ndiyo pazia nusu bora kuliko zote. Najua wengine wataona ni umaskini. Nawaomba waitundike dirisha la mashariki saa mbili asubuhi wakaone rangi zake.

Tahadhari moja siwezi kuiacha kwa sababu inahusu uhai. Vifuniko vya kisasa vya ndani, vya vipapi au vya kuviringisha, huja na kamba ndefu za kuvutia, na kamba hizo zimewanyonga watoto wadogo katika nchi nyingi. Marekani tangu Desemba 2018 kiwango cha usalama kinataka vile vinavyouzwa tayari dukani viwe havina kamba, au kamba yake isifikiwe na mtoto. Kwetu vinauzwa vikiwa na kamba bila neno lolote. Mwenye navyo nyumbani asisubiri sheria: apige msumari juu, mbali na mkono wa mtoto, azungushie kamba hapo, na asiweke kitanda cha mtoto wala kiti chini ya dirisha hilo.

Mpangaji atasema haya yote ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hafungi kitu kisichoongeza kodi. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa watu mmoja mmoja. Shirika la Nyumba la Taifa linajenga maghorofa. Jengo moja tu la mradi wake wowote mpya wa pwani likiwekewa vipapi vya nje na jingine la jirani likaachwa na kioo na pazia, wakaaji wenyewe wangetoa ushahidi wa bili zao ndani ya mwaka. Chuo Kikuu Ardhi kina wanafunzi wa usanifu wanaotafuta kazi za kupimwa, na vyuo vya ufundi vya VETA vina karakana za useremala na aluminiamu ambako kipapi cha kugeuka kingekuwa zoezi la mtihani. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, imezungukwa na mafundi waliokarabati madirisha ya aina hii kwa miaka mingi. Wanafunzi wapelekwe kwao wakaguse kazi hiyo kwa mikono.

Kinachokosekana zaidi ni vipimo. Leo kila fundi anatoboa dirisha kwa ukubwa unaomjia, hivyo kila fremu inapimwa na kutengenezwa upya, na bei inapanda. Shirika la Viwango Tanzania likikaa na mafundi na wajenzi wakakubaliana vipimo vichache vya dirisha la nyumba ya kawaida, karakana ya Buguruni au Keko inaweza kutengeneza fremu za vipapi mia kwa mkupuo na kuziweka dukani zikiwa tayari, bawaba zake zikiwa za pini ambazo fremu hunyanyuliwa ikatoka. Mpangaji ataweza kununua mbili mwezi huu, mbili mwezi ujao, na akihama atahama nazo, kwa sababu dirisha la nyumba anayokwenda litakuwa na kipimo kilekile.